Siku Niliyobadilisha Python ya Meseji za Ndovu

Hii aibu heri muisikie kutoka kwangu, maana watu wa Kasigau hadi leo wakinikuta sokoni Voi wananiita "Bwana Toleo Jipya", na mimi naitika, nitafanya nini?

Kazi yangu ni hivi: askari wa doria wakiona ndovu wanatoka upande wa ranchi wananitumia taarifa, na programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inawapelekea wakulima wote wa kikundi meseji dakika hiyo hiyo. Programu yenyewe si ya kujivunia (niliiandika jikoni kwangu Kaloleni, mngeiona mngecheka), lakini ilikuwa haijawahi kukosea, na wakulima wakaiamini hadi wakaacha kulinda mashamba kwa kupiga madebe.

Sasa jamaa mmoja niliyesoma naye akachungulia kompyuta yangu akaangua kicheko. "Buda, bado uko na Python ya kitambo hivi? Si ni amri mbili tu kuweka mpya!" Amri mbili! Ningemfukuza pale pale, lakini ilinichoma, na asubuhi ya mkutano wa kikundi, mkutano ambao mwenyekiti angenitambulisha mbele ya watu, nikaweka toleo jipya, na sikuliweka pembeni ya lile la zamani kama mtu mwenye akili, nikaiamuru kompyuta nzima ilitumie hilo jipya kwa kila kitu. Na hiyo kompyuta, ambayo huniuliza kama nina uhakika nikifuta hata picha moja, siku hiyo haikuuliza chochote!

Mkutano ulikuwa kwenye darasa moja huko Kasigau. Nikaiwasha kompyuta mezani saa sita, nikijua programu hujianzisha yenyewe, nikakaa na kula wali wangu kwa raha. Saa tisa mwenyekiti akasimama.

"Huyu ndiye fundi wetu. Sasa atatuma meseji ya kujaribu. Shikeni simu zenu."

Wakashika. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikataka kufungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri ili nirudishe toleo la zamani, kikazunguka kidogo kikapotea, kumbe nacho kilitegemea Python ile ile niliyoibadilisha! Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba, na nyumba ni yako, na watu wote wanakutazama.

"Labda ni network," mtu akasema kutoka nyuma.

"Ndiyo, ni network!" nikadakia (uongo mtupu, wengine walikuwa wanatazama video).

Basi kwa sababu ya uongo wangu mkutano mzima ukatoka nje, ukapanda kile kilima cha nyuma ya shule, simu zikainuliwa juu, nami nikiwa mbele nikijifanya natafuta network. Ni huko juu tulikowaona. Ndovu saba, mchana kweupe, ndani ya pojo za Mama Wakesho, mjane aliyebakiza wiki moja tu avune. Askari wa doria alikuwa ametuma taarifa tangu saa saba, nayo imekwama kwenye kompyuta yangu!

Watu wakakimbia na sufuria za wali wakizigonga. Ndovu wakaondoka polepole, hawana haraka, wameshashiba. Hakukubaki hata mstari mmoja wa pojo.

Tuliporudi darasani nilikiri yote mbele ya watu, nikiwa na hasira na nafsi yangu. Nilitamani Mama Wakesho anitukane. Hakunitukana. Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, simu yake bado mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ya zamani ilikuwa na shida gani?"

"Haikuwa na shida, mama."

Nilirudisha toleo la zamani, na msimu uliofuata nilienda kumlimia mwenyewe. Na nimeapa, kompyuta ile siibadilishi kitu kabla sijampigia yeye simu kuomba ruhusa. Juzi niliomba. Akakataa, nami nikaiacha kama ilivyo.