Mlio Aliousikia Shigela

Ukitaka kumjua Shigela, fundi magodoro wa Igogo, mpelekee zawadi ya sukari. Ataipokea kwa mikono miwili, atakushukuru vizuri kabisa, na ukishaondoka atakaa akijiuliza umetumwa na nani. Mtu mwema, haibi, hasemi uongo, kanisani hukaa benchi la mbele. Ila kwa kushuku, jamani, alijaliwa. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, ya pili anaitikia huku anakukagua. Mkewe, Dorotea, alishazoea.

Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha kuchambua pamba, kando kabisa ya mashine, mpaka kiwanda kikafungwa. Akatoka na kitu kimoja alichokijua, pamba yenyewe, akaanza kushona magodoro barazani kwake. Pamba iliyoshikamana aliitandaza juu ya turubai akaipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikaumuka. Hakuishindilia kama wengine. Aliilaza, tabaka juu ya tabaka, na godoro lake halikufanya mabonde hata baada ya miaka. Hapo hata wasiompenda walimpa haki yake.

Sasa huo mlio. Ulianza kama miaka mitatu nyuma, mwembamba, wa juu, iiii, mfano wa mbu aliyekataa kutua. Mchana kelele za mtaa ziliufunika, lakini kukitulia tu, huo hapo. Shigela hakupata taabu kutafuta mwenye kosa. Ukuta wa pili alikaa Mwaija, Mama Yassin, mjane, na sebuleni kwake kulikuwa na friza kubwa ya kuhifadhia sato na kugandishia barafu za ukwaju. Friza hiyo ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea Yassin tangu baba yake afariki. Dorotea alisema yeye hasikii kitu. Shigela akamtupia jicho la pembeni, maana hawa wawili hupelekeana mboga kila jioni, lazima wana lao.

Mama Yassin si mgomvi. Alipoambiwa, aliita fundi akaiwekea friza vipande vya mpira chini ya miguu, kisha akaihamishia ukuta wa mbali. Mlio ukabaki vilevile. Mwingine angejiuliza mara mbili hapo. Shigela yeye alipata ushahidi zaidi. Huyu mama anaifanyia kusudi, alisema, ananikomoa. Akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba friza iondoke, na kikao kikapangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa amechoshwa naye, na watu walijua atampa anachotaka ili mradi apumzike. Kwa Mama Yassin friza ikiondoka, riziki imeondoka.

Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja kutoka Pasiansi, anaitwa Winnie. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema shida yake. Alitaka magodoro kumi na mawili ya pamba, yashonwe ndani ya fremu za mbao, yafunikwe kitambaa chepesi, yakatundikwe ukutani. Shigela akamuuliza ni nani huyo anayelala ukutani. Winnie akacheka, akaeleza kwamba anarekodi kwaya katika chumba kimoja cha nyumba yao. Alikuwa ameshabandika trei za mayai kuta zote, akaambulia aibu, kwani kwaya ikiimba sauti bado inavimba kama vile wameingia kwenye pipa. Trei ni gamba tu, alisema. Sauti nene inataka kitu kinene, chenye hewa ndani.

Shigela alikubali kazi huku moyoni akisema hapa pana jambo. Mtu anayeziba kuta hataki asikike, na asiyetaka asikike anafanya nini? Alipoambiwa kwamba fremu zisigusane na ukuta, ziachiwe nafasi ya vidole vinne, akajua amemkamata. Nafasi ya kuficha nini? Winnie akamweleza kwa subira kwamba sauti hupenya pamba, ikagonga ukuta, na ikirudi inaikuta pamba mara ya pili, inachoka. Shigela aliguna. Maelezo matamu namna hiyo yalimzidishia shaka, akasema atakwenda kuyafunga mwenyewe.

Akaenda Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya kikao. Alichungulia nyuma ya kila fremu kabla ya kuitundika, akagongagonga sakafu kwa kisigino, hakuona kitu. Walifunga ukuta kwa ukuta, moja wakalining'iniza darini, na yale manene kuliko yote wakayasimamisha kwenye pembe, kwa sababu ndiko sauti nene hujazana. Winnie akamwomba apige makofi. Kofi likafia mikononi mwake. Akajaribu ubeti wa wimbo wa kulimia, wa kwao Magu, na sauti ikamtoka kavu, bila pambo, akausikia uzee wake wote. Alifurahi hata hivyo. Pamba yake ilikuwa inafanya kazi.

"Sasa nyamaza usikilize kimya chenyewe," Winnie akasema, akafunga mlango.

Iiii.

Uleule. Shigela akamgeukia, akamwambia azime mashine. Zilikuwa zimezimwa. Akamwonyesha kidude kilichokuwa chini ya meza, Winnie akakichomoa. Akataka umeme wa nyumba nzima ukatwe, na binti, kwa heshima tu, akatoka akaukata, akarudi akimulika kwa simu. Mlio ukaendelea, tena sasa umenenepa, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusikiliza. Akamuuliza Winnie kama anausikia. Hausikii. Kwa nukta moja Shigela alimshuku hata huyu. Kisha akaziba masikio yake kwa viganja, akaukuta mlio umo ndani, umetulia, upo kwao.

Winnie akamuuliza taratibu aliwahi kufanya kazi wapi. Akamwambia. Akamwambia pia kwamba pale mashineni wenzake wote walijiziba masikio kwa vidonge vya pamba, na yeye peke yake alikataa miaka yote ishirini na miwili. Alitaka kusikia wanamsema nini. Na kwa ile kelele, hata angesemwa, asingesikia neno.

Alirudi Igogo na aibu yake, moja kwa moja kwa jirani, kabla hata ya kuingia kwake. Mama Yassin alikuwa kibarazani anafua kitambaa kilichokuwa kikifunika friza. Mlango ulikuwa wazi, na pale ilipokuwa imesimama sakafu ilikuwa nyeupe kuliko pengine. Akaeleza mwenyewe kwamba ameiuza asubuhi ile, guta limeshaipeleka kwenye kivuko, mnunuzi ni mtu wa ng'ambo, Kamanga. Hakutaka wafikishane kwa mwenyekiti. Shigela ndiye aliyeshika jembe siku ya kumzika mume wake, na mtu kama huyo, alisema, hawezi kusimama kikaoni kubishana naye.

"Leo utalala, Baba Ngosha," alimwambia Shigela.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Nisingemshangaa, nawajua wengi ambao wangenyamaza.

"Mama Yassin, mlio bado nausikia."

Akaacha kufua. Akageuka, akatazama redio ndani, akatazama taa.

"Sina kingine cha umeme," alisema. "Au unataka nihame mimi?"

"Hapana. Umo masikioni mwangu. Ulikuwemo siku zote. Nisamehe."

Mama Yassin alikikamua kitambaa polepole, akakikung'uta, akakianika.

"Ungeniambia jana," alisema.

Akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi, na Shigela akabaki amesimama barazani, anasubiri. Miaka kumi na tisa ya ujirani, neno "karibu" halijawahi kuchelewa katika nyumba ile. Siku hiyo halikuja.