Pasaka Bila Maharage

Jumatatu ya wiki ya Pasaka, Bulisa Perlov alirudi kutoka sokoni amelikumbatia kapu lake kama mtu aliyeiba. Juu mlikuwa na karoti, viazi, bitiruti, mapera na nyanya. Chini kabisa, yamefunikwa kwa gazeti, mlikuwa na kilo mbili za maharage mabichi, yale yanayopikwa na maganda yake. Sasa mama wa miaka sabini, mjane, mwenye nyumba yake mwenyewe mtaa wa Kumalo hapa Bulawayo, afiche maharage ya nini? Ni kwa sababu ya wifi yake. Hinda, dada wa marehemu mumewe Zundel, alikuwa amekwisha kujikalisha jikoni, kisu mkononi, anamsubiri wamenye viazi.

"Hebu lete hilo kapu."

"Kapu langu linakuhusu nini?"

"Tangu Zundel afariki hujanunua gazeti hata siku moja. Leo gazeti linatafuta nini chini ya karoti?"

Bulisa akaona hakuna pa kukimbilia. Akalitoa gazeti. Hinda akayatazama maharage kama mtu aliyekuta panya kwenye unga.

"Wiki hii, wifi? Wiki ya Pasaka? Umeingiwa na nini?"

"Njaa," Bulisa akasema. "Njaa ya miaka arobaini na saba."

Ngoja niliweke wazi jambo hili, maana limeshavunja posa nyingi. Pasaka ikiingia, sisi Wayahudi wote tunaacha chachu siku nane: mkate, keki, bia, yote hayo hatuyagusi. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia kwenye maharage. Watu wa asili ya Lithuania, kama akina Perlov, mababu zao waliogopa punje ya ngano isije ikajipenyeza kwenye gunia la dengu au mchele, wakapiga marufuku vyote vya jamii hiyo, hata maharage mabichi ambayo hayajawahi kuliona gunia. Watu wa kisiwa cha Rodo, kama wazazi wa Bulisa, hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Kwao Pasaka ni wali na maharage, na asiyetaka alale njaa.

Bulisa aliletwa kutoka Rodo akiwa na miaka minane, akakulia mji wa Gatooma, ambako baba yake, mzee Nisim, alikuwa na duka la vitambaa. Zundel Perlov alipita pale akiuza baiskeli. Aliomba maji ya kunywa, akapewa maji yenye limau na sahani ya biringanya za kukaanga, na tangu siku hiyo njia zake zote zikawa zinapitia Gatooma. Walioana mwaka 1950. Hakuna aliyemwambia bibi harusi habari ya maharage. Nani angekumbuka? Huwezi kumwonya mtu juu ya jambo unalodhani dunia nzima inalijua.

Basi Pasaka ya kwanza ukweni, akiwa na mimba ya miezi sita, aliamka alfajiri akapika maharage kama alivyofundishwa na mama yake. Jioni akaibeba sufuria mwenyewe mpaka mezani kwa mama mkwe, mbele ya watu kumi na wanane, akafunua kwa madaha. Loo! Watu wakaitazama sufuria, wakatazamana. Aliyefungua mdomo alikuwa Hinda.

"Haya jamani, ametuletea maharage. Mwakani atatuletea nguruwe."

Mama mkwe aliinuka. Aliishika sufuria kwa kitambaa, mikono ameinyoosha mbele asije akaguswa nayo, akaenda kuiweka uani. Bulisa akamfuata kwa sababu hakujua aende wapi pengine. Zundel naye akaondoka mezani, mbele ya baba yake, akaenda kukaa na mkewe kwenye ngazi ya jikoni.

"Kosa ni langu, mke wangu. Kula. Leo kula yote, mimi niko hapa."

Akala humohumo sufuriani, machozi na maharage vinakwenda pamoja. Mume hakuonja, lakini hakuondoka mpaka alipomaliza. Kwetu mwanamke akiolewa hufuata desturi ya mumewe, na Bulisa alimpenda sana mume yule. Akaacha, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Akajifunza mapishi ya akina Perlov. Akajua karoti zinavyopikwa kwa asali na plamu kavu, taratibu, mpaka zing'ae; akajua bitiruti ya kukwaruza, na viazi vya kuoka vyenye ukoko juu. Mwaka wa tano Hinda alikiri, shingo upande, kwamba karoti za wifi yake zimezipita za marehemu mama. Ila utani haukuisha. Usiku wa Pasaka lazima kuliwe kitu kichungu, kukumbuka utumwa wa Misri. Akina Perlov hukwaruza mzizi mmoja mweupe, mkali kuliko pilipili, wakala huku wanatokwa kamasi. Watu wa Rodo hula majani ya saladi.

"Saladi!" Hinda angesema kila mwaka. "Nyinyi utumwani mlikuwa mnapunga upepo?"

"Na nyinyi ndio maana mna sura hizo," angejibu Bulisa.

Kwenye tope waligawana. Tope ni ule mseto mtamu wa matunda tunaoufananisha na udongo wa matofali ya Farao. Hinda alileta la tofaa na lozi, Bulisa akapika la tende, zabibu kavu na machungwa. Zundel alichota huku na huku, akawasifia wote wawili kwa maneno yaleyale, mwongo yule, Mungu amrehemu.

Lakini maharage hayakutoka moyoni. Kila mwaka, mchana wa kuamkia sikukuu, simu ililia kutoka Gatooma.

"Nimepika," mama yake angesema.

"Mama, usiniambie."

"Nimeweka limau mbili. Nyanya za mwaka huu ni nzuri, zimeyeyuka zenyewe."

Bulisa alifumba macho, simu sikioni, akameza mate. Alimwona mama yake anayavunja maharage kwa vidole, si kwa kisu, tak, tak, tak, ncha zinaangukia kwenye aproni. Aliona nyanya zinakwaruzwa, mafuta yanamiminwa bila kupimwa, kijiko kimoja cha sukari. Moto mdogo kabisa. Halafu sheria kuu ya nyumba ile: usiingize mwiko. Maharage hayachokolewi, unashika sufuria masikio mawili, unaitikisa, unaiacha. Mtoto aliyekutwa na mwiko karibu na sufuria ile alijuta kuzaliwa. Na nyumba nzima ilinukia, mpaka wateja dukani wanasahau walichofuata. Mama alifariki mwaka 1979, na tangu hapo simu ya Pasaka haikulia tena.

Zundel naye akafariki, Desemba iliyopita. Ndiyo maana maharage yalikuwa juu ya meza, na wifi wawili wanatazamana.

"Mjane wa Perlov ni Perlov," Hinda akasema.

"Zundel angeniruhusu."

"Zundel aliruhusu kila kitu. Hata paka alilala kitandani kwake."

"Wifi, mimi nimekula viazi vyenu tangu ujana wangu. Nimevimenya, nimevioka, nimevisifu. Mume wangu yuko kaburini. Nataka kula chakula cha mama yangu mara moja kabla sijamfuata. Ni dhambi?"

Hinda akakiweka kisu chini. Wakakubaliana jambo moja: aulizwe rabi. Mji wetu hauna rabi wa kudumu siku hizi, watu wamehama. Yuko kijana mmoja wa Johannesburg anayekuja wakati wa sikukuu. Bulisa akapiga simu, akaeleza yote. Rabi akaomba muda aangalie vitabu.

"Atakalosema ndilo," Hinda akasema.

"Ndilo," akasema Bulisa.

Siku tatu zile aliishi kama msichana anayesubiri barua. Alifungua friji akayagusa maharage, akafunga, akafungua tena. Alichagua nyanya. Alichimba kabatini akaitoa sufuria pana ya mama yake, akaisugua mpaka ikawaka, akaichemshia maji kuitoa masalia ya chachu, kama sheria inavyotaka. Alikuwa akicheka peke yake. Jumatano Hinda alikuja kumsaidia kukwaruza bitiruti, katikati ya kazi akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua:

"Hiyo limau, unaweka mwanzo au mwisho?"

"Mwisho. Ukiweka mwanzo yanakuwa magumu."

"Nimeuliza tu," Hinda akasema. "Usije ukafikiri."

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikalia. Bulisa alifuta mikono mara mbili ndipo akaipokea. Sauti ya rabi ilikuwa kubwa, Hinda aliisikia yote kutoka mezani.

"Habari njema, Mama Perlov. Vitabu ninavyovifuata vimelizungumzia jambo lako. Mjane asiye na mtoto hurudi kwenye desturi ya nyumba ya baba yake, kama alivyokuwa binti. Kwa hiyo utakula maharage yako bila wasiwasi. Mwenye mtoto ndiye anayebaki na desturi ya mume. Nimeambiwa nyinyi hamkujaliwa, lakini ni lazima nilisikie kwako mwenyewe. Una mtoto, mama?"

Bulisa akaishika simu kwa mikono miwili.

Alikuwa na mtoto. Alimzaa mwezi Julai, mwaka uleule wa sufuria ya uani, mtoto wa kiume, mzima, analia kwa nguvu. Siku ya nane akatahiriwa na kupewa jina la babu yake, Nisim. Watu wa Rodo humpa mtoto jina la babu aliye hai, ni heshima kubwa. Watu wa Lithuania huona huko ni kumwitia mtoto kifo. Zundel alikubali kwa mapenzi ya mkewe. Siku ya kumi na moja mtoto akafariki, madaktari hawakujua kwa nini. Pale kwenye korido ya hospitali, Hinda, kwa uchungu wake, alitamka sentensi moja juu ya jina lile. Moja tu, na hakuirudia maishani. Na kwa sababu kwetu mtoto asiyetimiza siku thelathini haombolezewi, hapakuwa na matanga, hapakuwa na dua, hapakuwa na watu wa kukaa naye sakafuni. Zundel alikwenda kuzika na wanaume wengine wawili, akarudi, akanawa mikono. Mtoto mwingine hakuja. Miaka ikapita, watu wapya wakaingia mjini, na habari ikawa kwamba akina Perlov hawakujaliwa. Bulisa alisikia wakisema hivyo mbele yake, akanyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Leo ameulizwa.

"Mama Perlov? Upo?"

Hinda alikuwa amesimama. Anatikisa kichwa, mkono mdomoni, ananong'ona kwa nguvu: "Sema huna. Bulisa, sema huna! Yeye anauliza sheria tu. Sema huna, ule maharage yako!"

Bulisa akayatazama maharage. Yalikuwa mezani yamekwisha kuvunjwa yote, kwa vidole, na sufuria ya mama yake jikoni inasubiri mafuta. Alisikia ile harufu ambayo bado haijapikwa. Aliitaka mpaka taya zikamuuma.

"Ninaye," akasema.

"Samahani, mama?"

"Mtoto ninaye. Mmoja. Wa kiume."

Rabi akababaika, akaomba radhi, akasema kumbe aliambiwa vibaya; basi kwa hali hiyo abaki na desturi ya mume, na amsalimie kijana. "Zitafika," Bulisa akasema. Akakata simu.

Hinda alikaa chini kwa kishindo.

"Kwa nini? Mungu mwenyewe angekuelewa. Sheria inataka aliye hai. Ungesema huna usingekuwa umedanganya."

"Najua."

"Umeyangoja miaka yote hii!"

"Nimeyangoja, na ninayataka, wifi. Nayataka sasa hivi." Akaacha machozi yashuke bila kuyafuta. "Lakini mtu akiniuliza kama nina mtoto, siwezi kusema sina. Sikusema sina siku ile alipozikwa, sisemi leo. Nitasemaje sina, kwa ajili ya chakula?"

Hinda akainuka. Akayakusanya maharage kwenye bakuli, akalifunika, akaliweka kando kwa mikono yote miwili. Aliporudi hakurudi kwenye kiti chake cha ng'ambo ya meza. Alikivuta kiti akakaa ubavuni mwa Bulisa, magoti yakagusana.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema.

Bulisa akageuka.

"Nilimshika siku ile ya nane, hukuniona," Hinda akasema. "Nywele nyeusi tii, wifi, mpaka shingoni. Sijawahi kuona mtoto mchanga mwenye nywele vile."

"Na hapa mbele zilijikunja."

"Ndiyo," akasema Hinda. "Hapa mbele."