Chujio Lililowekwa Wakfu

Mume wangu Elihuruma amechoma mifupa ya ng'ombe miaka kumi na tisa. Msicheke. Ni fundi wa maabara kwenye chuo cha ufundi hapa Arusha, na mifupa ikichomwa sawasawa hunyonya floraidi, ile inayotuharibu meno sisi tunaokunywa maji ya Mlima Meru. Mifupa aliifuata machinjioni mwenyewe, akaisafisha, akaipanga tanurini. Ikitoka nyeusi sana bado ina mafuta, ikitoka nyeupe imeungua. Yeye anaitaka ya kijivu. Nguo zake nafua mimi, kwa hiyo harufu yake msinieleze.

Utafiti ukafanikiwa. Chuo kikashirikiana na chuo cha Ulaya, maprofesa wakaandika, wakasafiri, wakapewa tuzo. Jina la Elihuruma halikuonekana hata kwa bahati mbaya. Nilipofoka akasema, "Mama, maji yakiwa safi inatosha." Upole wake huo ndio umetufikisha hapa.

Miaka saba iliyopita wakatuletea chujio la mifupa hiyo kijijini, kando ya kanisa. Na sisi Wameru kwa ibada hatujambo. Mchungaji akaliweka wakfu, kwaya ikaimba, Profesa, mkubwa wake Elihuruma chuoni, akakata utepe mbele ya wageni wa Ulaya. Kisha wazee wa kanisa wakalitia kufuli, maana kitu kilichowekwa wakfu hakichokonolewi na kila mtu. Ufunguo akapewa mzee Sifaeli. Binti yetu, aliyeolewa na Mwarusha wakajenga jirani nasi, alikuwa na mtoto mchanga, Nosim. Elihuruma akamwambia, "Mtoto huyu mpe maji ya hapa tu. Meno yake yatakuwa meupe."

Sasa, mifupa hiyo huchoka. Baada ya miezi minane hivi lazima itolewe, iwekwe mingine. Elihuruma akapima maji, akakuta floraidi imerudi, akaenda kwa mzee Sifaeli.

"Mwanangu, tusubiri wenyewe waje," mzee akamjibu. "Tutafunguaje bila wageni?"

Akaenda chuoni. Profesa akasema mradi umekwisha, kijiji kiandike barua ya kuomba. Kijiji kikauliza barua ya nini, kwani wenyewe hawajui walichotuletea? Huku wanangoja heshima, kule wanangoja barua, na watoto wanakunywa. Na mume wangu, mtu mzima mwenye mikono miwili, badala ya kuvunja kufuli alisema shikamoo kote kuwili akarudi nyumbani. Nilimwambia maneno siku hiyo ambayo siyarudii mbele za watu. Maji mengine tungeyatoa wapi? Ya mfereji ni yale yale.

Meno ya utoto ya Nosim yalikuwa meupe, tukajidanganya. Mwaka huu yakang'oka ya mbele, yakaota ya ukubwani. Kahawia, yana vishimo. Amezoea kuongea huku mkono uko mdomoni, mtoto wa miaka saba.

Jumanne iliyopita wageni wakarudi, pamoja na Profesa na mpiga picha. Wanatengeneza kitabu cha mafanikio ya chuo na washirika wake. Wakawapanga watoto mbele ya chujio, wakaambiwa wacheke. Nosim alikuwa katikati. Mpiga picha akamtazama, akamnong'oneza Profesa, na Profesa akamwita mume wangu.

"Elihuruma, hebu msogeze huyo binti pembeni kidogo."

Akamsogeza. Wallahi, Mungu anisamehe kwa kuapa, alimshika mjukuu wake mkono akamtoa, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa ya kuitikia "sawa, Profesa". Nosim akasimama pembeni, ameziba mdomo.

Nikapita katikati ya wageni. Sikumsalimu mtu. Nikamrudisha mtoto pale pale alipokuwa, nikauondoa ule mkono mdomoni.

"Cheka, mama," nikamwambia. "Wamesema mcheke."

Akacheka, meno yote nje. Mpiga picha akashusha kamera, na Elihuruma akaanza kulia mbele ya wageni.