Mguu wa Kuku Kwenye Kitako

Ijumaa iliyopita sir, tajiri wangu hapa Dubai, alitandika taulo juu ya meza ya kulia, taulo langu la jikoni, akailaza bunduki yake hapo. Ana kibali, na kila majira ya baridi huenda nchi za nje kuwinda na ndugu zake. Kiwandani walikuwa wameifungia kitako cha plastiki nyeusi, pale mahali pa kuegemeza begani. Yeye alikuwa ameagiza kingine cha mbao, kikaletwa na mtu wa pikipiki, na sasa alikaa na bisibisi mkononi akifurahi kama mtoto siku ya sikukuu.

"Rael, chai," akasema. "Na usiogope. Haina risasi. Chuma tu, khalas, basi."

Sikuogopa. Nilichoka. Nikashika mlango. Bi Zuhura, mpishi wetu Mzanzibari aliyeingia Dubai kabla mtaa wetu wa Al Barsha haujajaa maghorofa, aliniona.

"Una nini, mwanangu? Mbona umepauka hivyo?"

Nikamwambia ni joto. Nyumba ile mashine inaipoza mwaka mzima, lakini hakunibishia. Nikapeleka chai, nikaendelea kupangusa vioo.

Kwetu Kenya, bara kabisa, kuna mto unaotenganisha watu. Ng'ambo wanazungumza lugha nyingine, na sisi na wao tuna maneno yasiyokwisha juu ya malisho. Lakini kukalia, walikalia viti vyetu. Mume wangu Elija alikuwa fundi wa viti. Siku ya soko alivivusha mto akiwa amevibeba kichwani, maji yakimfika magotini, anaimba vibaya mpaka wanawake wanaofua wanamwomba anyamaze. Chini ya kila kiti alichoma alama kwa msumari wa moto: mistari mitatu inayokutana, mguu wa kuku. Hakusoma sana, na hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Pande zote mbili waliviita viti vya kuku, na mnunuzi hakutoa pesa kabla hajakigeuza kiti akauona mguu. Nilijivunia sana, sifichi.

Kisha ukame ukakaza. Ng'ombe wakaibwa, wakarudishwa kwa risasi, nyumba zikaanza kuchomwa huku na kule. Serikali ikawagawia wanaume wachache wa kijiji bunduki, zile za kufyatua risasi moja moja, watulinde. Kaka yangu Joeli alikuwa mmoja wao. Yake ilikuwa imechakaa, kitako kimepasuka, na kila alipofyatua ilimgonga begani. Alikuja nayo kwetu asubuhi moja nikipepeta maharagwe.

"Shemeji, nichongee kitako."

"Mimi ni mtu wa viti, Joeli. Irudishe kwa waliokupa."

"Wamesema ningoje. Ng'ambo wanangoja? Hii si ya kuenda kuvamia mtu. Ni ya kulinda huyu mtoto wa dada yangu."

Mtoto mwenyewe, Neema wetu, alikuwa amelala mgongoni mwangu. Elija akamtazama, akatoka kwenda kuchukua kipande cha mzeituni wa porini alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kitanda chetu.

Hakuifanyia kazi ile kwenye karakana yake, maana ilikuwa kando ya barabara na wateja wa ng'ambo walipita. Aliifanyia nyumbani, juu ya meza ya kulia, mlango umefungwa. Joeli alitoa risasi zote, Elija akakifungua kile kitako cha kiwandani, akakiweka kando awe anakitazama. Akachonga, akapiga randa, akasugua msasa, akajaribisha, akachonga tena. Kilipokaa, kilikaa barabara. Halafu, huku akizungumza mambo mengine kabisa, bei ya mahindi nadhani, akatoa msumari kwenye makaa na kuchoma mguu wa kuku chini ya kitako.

Joeli alicheka. "Kwani hii nayo ni ya kukalia?"

Tukacheka sote. Mkono wa Elija ulikuwa umeenda wenyewe, kama unavyokwenda wa mtu anayefunga kamba za viatu.

Vita vikafika mtoni. Joeli aliitumia bunduki ile, na siku moja akamwua kijana wa ng'ambo ambaye mama yake alikuwa mteja wetu. Baadaye nao wakamwua Joeli, wakaichukua bunduki.

Tulimzika haraka.

Siku ya soko iliyofuata, viti vilirudi.

Tulivikuta asubuhi mbele ya karakana, vimejaa mpaka barabarani. Vyote vilikuwa vimepinduliwa, miguu juu, alama ya Elija ikitutazama kwenye kila kimoja. Mwanamke mmoja wa ng'ambo alikuwa bado anashusha chake kichwani.

"Fundi," akasema kwa Kiswahili cha sokoni, "mguu wako tumeuona kwenye bunduki. Ondoka leo."

Akakiweka chini, akakipindua kama vile vingine, akaenda.

Nilimwambia Elija twende. Alisema watu wale wanamjua, amekula kwao, atawaeleza. Kwanza akusanye vifaa vyake. Mimi nitangulie na mtoto kanisani, ambako watu walikuwa wanakimbilia.

Nikatangulia.

Nilisikia mlio mmoja wa bunduki.

Kisha mwingine.

Sikugeuka. Neema alikuwa analia na nilimziba mdomo.

Waliouleta mwili wa Elija kanisani walisema walimkuta katikati ya vile viti, randa iko mkononi. Wakasema pia ni bunduki ya Joeli iliyomwua. Watu husema mengi wakati kama ule, nami sikutaka kujua.

Tuliishi katika uwanja wa kanisa, halafu kwenye mahema, halafu kwa jamaa waliotuchoka. Mwishowe nikamwachia mama yangu Neema, nikaja huku. Sasa anasoma sekondari, na akinipigia simu anaongea kama baba yake, mbio mbio na bila kituo.

Waliomwua niliwachukia kwa muda mrefu. Chuki nayo ni kazi, inataka nguvu, na nguvu zangu zinaishia kwenye sakafu za watu. Tena najua kuna mama ng'ambo ya mto ambaye naye ana kisa chake, na katika kisa chake mume wangu ndiye aliyechonga kitu kilichomwua mwanawe. Hakosei. Hata Elija namkasirikia. Mtu unafunga mlango, unajificha ndani ya nyumba yako, halafu unatia sahihi! Nikifika hapo huwa nalia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hakuwahi kutengeneza kitu asichoweza kusema ni chake.

Huku Dubai nimebaki na tabia ya kugeuza viti. Popote ninaposafisha nakigeuza kiti nitazame chini. Madam anadhani nafuata vumbi, amenisifu mbele ya wageni.

Ijumaa ile sir alimaliza kabla ya sala. Aliinua bunduki begani, akaielekeza ukutani, akatabasamu. Kile kitako cheusi cha kiwandani akanikabidhi mimi.

"Hiki tupa, Rael. Yalla, haraka."

Nilikibeba hadi kwenye pipa lililo nje ya geti. Jua lilikuwa kali na barabara haina mtu. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Kabla ya kukitupa nikakigeuza, nikatazama chini. Palikuwa na namba na jina la nchi, basi. Aliyekitengeneza hajulikani, na hakuna atakayemfuata kazini kwake kwa ajili ya kitako hiki.

Nikamwonea wivu mke wa fundi huyo.