Gia ya Karani wa Isikizya

Kila jioni karani mmoja wa ofisi ya Isikizya alipitia kwa Tanzila, muuza vipuri vya baiskeli, akapapasa gia za baiskeli jino kwa jino kwa kidole gumba, macho kayafumba, kama fundi anayechagua kitambaa cha suti. Mwaka jana, kwenye mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kule bwawani Igombe, kilima kilimshinda, akaisukuma baiskeli mbele ya ofisi nzima. “Dada Tanzila,” alinong’ona, kama anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu, “gia ya nyuma, nyepesi ya kupandia, yenye meno mengi kuliko hii, hakuna?”

“Kubwa kuliko hiyo uliyoshika, kaka, nenda kwa wauza sahani.”

Akaichukua. Siku ya mashindano Tanzila alisimama kilimani. Vijana wenye gia nzito walikuwa wameshashuka, wanasukuma. Karani alikuwa juu ya kiti, miguu inazunguka kama cherehani, baiskeli inatambaa. Bibi mwenye beseni la uyoga kichwani akamfikia, akampita.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Imeharibika, mjukuu wangu?”

“Hapana, bibi,” akahema, uso umemchanua. “Inapanda.”

Tanzila alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akajikuta anapiga makofi.