Askari wa Foni

Wakati wa vita, Kindu hapakuwa na siri ya mtu mmoja. Ukitaka kuongea na ndugu aliye mbali, ulikwenda kwenye foni, chumba cha mabati kule Mikelenge chenye redio, betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya mchikichi. Ulibonyeza ukasema, ukaachia ukasikiliza, na kila aliyesubiri zamu yake kwenye benchi alisikia yote: nani kazaa, nani kaachwa na mumewe, nani anaomba chumvi. Hilo tulilizoea, hata tulitaniana nalo. Tusiyemzoea ni askari wa waasi aliyekaa kando ya redio, bunduki mapajani, kazi yake kusikiliza tu. Lugha za nyumbani alizikataza. Kiswahili au Kifaransa, basi, ili naye aelewe. Waliojisahau wakaongea Kikusu, wengine walichukuliwa, wala hatukujua walipelekwa wapi.

Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alikuwa Lubutu akifundisha shule. Habari ya msiba alipelekewa na wasafiri, naye akarudisha neno kwamba atakuja kwa arobaini. Mama aliposikia alikaa chini. Askari walikuwa wameshafika nyumbani kumuulizia kaka, wakisema anawapelekea habari Mai-Mai, wapiganaji wa msituni waliopigana nao. Kijana wa jirani aliyesingiziwa hivyo hivyo alichukuliwa mchana kweupe, na mama yake mpaka leo hana kaburi la kulilia. Kaka asije, basi. Lakini wasafiri wa kwenda huko walikuwa wamekatika, na njia ya kumwambia ilibaki foni, na kwenye foni alikaa yule askari.

Nilimsindikiza mama siku ya miadi, kaka naye akingojea kwenye foni ya Lubutu. Njia nzima hakufungua kinywa, nami nilimkasirikia, maana nilitaka kujua atasema nini. Zamu yetu ilipofika alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama, uko muzuri?" Sauti ya kaka ilitoka ikikwaruza. "Nakuja kwa arobaini ya baba. Nimeshapata muntu wa kusafiri naye."

Hapo mama akamwita kwa jina lake.

Asiye wa kwetu hataona kitu. Kaka alirithi jina la babu, mzazi wa baba yetu, na kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, hata mzee akiwa amekufa, hata jina likiwa la mtoto aliyemzaa mwenyewe. Tangu kaka azaliwe, mama alimwita Baba. Akimkaripia, Baba. Akiweweseka kwa malaria, Baba. Sasa alilitamka jina lile waziwazi, mbele ya watu wazima wa mtaa, halafu akalirudia.

"Kuja, mwanangu," akasema. "Huku iko amani tupu. Watu wote wanakungojea."

Kwenye benchi mzee mmoja aliinamisha uso kwa haya. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alishika pindo la kitenge chake na kuziba nalo kinywa. Yeyote kati yao angeguna tu, askari angeuliza kuna nini. Hakuna aliyeguna. Redio iliendelea kukwaruza. Askari alipiga miayo.

"Nimesikia, mama," kaka akasema mwishowe. "Salimia wote."

Arobaini ilisomwa bila yeye; alikuwa amelielewa lile jina. Mama alikwenda kwa mashangazi zetu kuomba radhi kwa kulitaja jina la baba yao, akalia sana kwa aibu, nao wakamsamehe wakilia pia.

Vita vikaisha. Kaka akahamia Kisangani, akaoa, akaota mvi, akawa mkuu wa shule. Kila mtu akawa na simu mfukoni, na katiba ikatuambia kwamba mawasiliano ya mtu ni siri yake na ni haki yake. Mimi niliamini, mpenda kusoma mimi! Siku moja nikamtumia kaka ujumbe wa sauti, nikimsema mkubwa mmoja wa mji kwa jinsi barabara zetu zilivyooza. Wiki haikuisha nikaitwa kwa watu wa usalama. Kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe, mpaka pale nilipocheka.

"Katiba inakataza," nikamwambia.

"Mama, katiba haiko hapa," akajibu kwa heshima kabisa, akanifungulia mlango.

Hasira ya siku ile sijaimaliza. Askari wa foni angalau tulimwona uso.

Mama aliposikia, simu kwake ikaisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaka alipopiga, alijibu "tuko muzuri" na kunirudishia simu haraka. Hata alipougua, hata alipokuwa hawezi tena kukaa bila kushikwa, aliniomba nisiseme kitu. Kaka akapiga.

"Niko muzuri," mama akamwambia, akihema. "Usikuje. Safari iko ya bure."

Nilimnyang'anya simu. "Yaya, kaka yangu, mama anatuacha," nikasema. "Kuja leo. Na wenye kusikiliza, wasikilize!"

Kaka alikuja. Alipiga magoti kando ya kitanda, mavumbi ya barabara yakiwa bado kwenye ndevu zake nyeupe. Mama hakumpa hata salamu.

"Nani alikuambia ukuje? Mulisema ku simu?" Akageukia mlango. "Wamesikia. Watakuja kukukamata."

Tulimweleza kwamba vita viliisha. Alitikisa kichwa kama tunamdanganya. Kila pikipiki iliposimama nje, alimsukuma kaka ajifiche chini ya kitanda, na kaka asipoingia, mama alitetemeka mpaka mate yakamtoka kinywani. Basi kaka akawa anaingia. Mkuu wa shule mzima alivua viatu, akalala kifudifudi kwenye sakafu. Hapo tu mama alitulia, akateremsha mkono ubavuni mwa kitanda, naye kaka akaushika.

Asubuhi moja pikipiki ilileta jirani kuja kumjulia hali. Kaka akaingia chini. Mama akateremsha mkono, akafumba macho, na pumzi zikaanza kuachana, kisha sikuzisikia tena. Kaka alibaki chini, ameushika mkono. Niliinama nikamwambia pikipiki imekwenda, atoke.