Mama Mkwe wa Runingani

"Yule hata nyumbani ndivyo alivyo, shoga. Mtoto wako usimsogeze kwake," jirani alinong'ona huku akikamua nguo. Mtaa mzima ulimwita mwigizaji huyo Mama Mkwe, maana kila jioni kwenye tamthilia ya runinga alimtesa mke wa mwanawe. "Na wewe hukosi kumtazama!" alicheka mama kijana wa chumba cha pili, kichanga chake kikiwa mgongoni. Yeye alizoea kumwona mwigizaji huyo akimenya vitunguu huku midomo ikicheza, sentensi ileile mara kwa hasira, mara kwa upole, mpaka anayemtazama mwili unamsisimka. Asubuhi hiyo alipopita, mlango wa mwigizaji ulikuwa wazi. Mwigizaji alikuwa amekunja taulo, amelipakata, analibembeleza kama mjukuu aliyeletewa baada ya ugomvi mrefu. Taulo tu, jamani! Lakini mama kijana alihisi maziwa yakimchuruzika kifuani, kana kwamba kuna mtoto analia. Akasimama mlangoni. Mwigizaji alimwona, akalitazama taulo lake, akatikisa kichwa.

"Halina uzito, mwanangu," alisema taratibu. "Kesho tunarekodi nikipewa mjukuu, na mimi sijawahi kupakata wa kwangu. Unaweza kuniachia huyo wako kidogo?"